Hujapoa, Umefiwa

Alby, Stockholm
9 Februari 1976

Mpendwa mdogo wangu Clementina,

Marahaba, barua zako zote mbili zimefika. Hujambo? Mguu wa Baba umepona? Mfikishie Mama shikamoo yangu. Huku tu wazima, ila baridi inatuchuna, na mwanangu Zephania nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Basi tu.

Kwanza uniwie radhi. Uliandika kwamba tangu umzike mtoto huna hamu ya chakula, nami nikakutumia dawa ya kuleta njaa. Chupa mbili! Kumbe ulikuwa unasema habari za chumbani. Ni barua ya pili iliyonifumbua macho, uliposema mama mkwe wako anadai umepoa, urudishwe kwetu baada ya Pasaka. Nilicheka, halafu nikalia mle mle ndani ya treni nilimoisomea.

Yuko mama mmoja Mwairishi, Nora, tunafua naye shuka za hospitali. Nikamwambia kwetu jambo hilo tunalisema kwa mafumbo tu. Akasema hata yeye alilelewa hivyo, tena na masista wakali. Ila lugha yao inalo neno, gnéasacht. Limetoka kwenye gné, yaani namna, sura ya kitu; humo wakapata gnéas, yaani uume na uke wa mtu. Wanabandika mkia, -acht, linakuwa jina la hali. Tena eti ni neno la kike! Nikasema weee, mbona sisi tuna jinsi, na jinsia, namna hiyo hiyo? Badala ya mkia tunatia u- mbele: ujinsia. Nimelitunga mwenyewe kwenye mapipa ya sabuni, usinicheke.

Basi hiyo ni jinsi ulivyo sasa, mdogo wangu, na jinsi hubadilika. Huumwi. Aliyezika mtoto miezi minne iliyopita hajapoa, amefiwa. Anayebisha na aje anifulie shuka za wodi ya wazazi, aone.

Mumeo Wambura namjua, si mtu mbaya, lakini nani amemwambia? Ukimtajia chakula atakukorogea uji. Kama mdomo mzito, mpe asome mstari huu: SIKUKATAI WEWE, WAMBURA. NAMLILIA MTOTO WETU. Mpe kabla ya Pasaka, Clementina, nakusihi.

Nisalimie Shangazi Getrude, kaka Severin, na mama mkwe wako, naam, hata yeye.

Mungu akupe machozi ya kutosha, na mwenzio wa kulia naye.

Wako akupendaye,
Dada Leokadia