Damu ya Saa Mbili Asubuhi

Mabira, Kyerwa
3 Juni 2024

Mwanangu Vero,

Hujambo wewe na kazi yako ya maabara huko Mwanza? Sisi tupo. Kahawa imeiva, ila mvua inatunyima jua la kuianika. Nakuandikia kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye pipa la maji, na kuongelea kwenye simu ya wifi yangu, Mama Projest, ni sawa na kutangaza gulioni.

Kile kizunguzungu kimenifikisha hospitali. Walinitoa damu saa mbili asubuhi, hata chai sijanywa, wakasema wanapima kotisoli. Karatasi inasema 96, na pembeni wameandika kawaida ni 140 hadi 690. Daktari akaniuliza kama natumia dawa yoyote. Nikasema hapana. Akakuna kichwa, akaniambia nirudi tarehe 18 tupime tena. Sasa wewe uliyesoma nieleze: hiyo 96 ndiyo nakufa? Naogopa, sikufichi.

Shangazi yako,
Costansia

Mwanza
6 Juni 2024

Shikamoo Shangazi,

Mimi mzima, barua yako kondakta wa basi amenifikishia. Kwanza kunywa chai, hufi.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza kotisoli. Ndiyo inayotupa nguvu ya kuamka na kuzuia presha isishuke. Hupanda alfajiri, halafu hushuka taratibu mchana kutwa, ndiyo maana walikuwahi mapema. Kwa saa ile, 96 ni ndogo. Lakini namba peke yake haitoi hukumu. Ama tezi zinaumwa, ama kuna kitu unameza kinachofanya kazi ya kotisoli, nazo tezi zimelala.

Basi nikuulize, na usinune: hakuna kidonge, sindano, mafuta ya kupaka, hata unga wa kwenye uji?

Mwanao,
Vero

Mabira
12 Juni 2024

Marahaba mwanangu,

Habari za huko? Za hapa nusu nusu. Umenifuma.

Unga upo. Mama Projest huununua kwa mtu wa gulioni, anaufunga kwenye vikaratasi na kutuuzia. Huu mwaka wa pili natia kijiko kwenye uji, na magoti yalipona kabisa, nikawa napalilia kibanja kizima peke yangu. Utasema ningemwambia daktari. Kwanza, kitu cha kwenye uji mimi nakihesabu chakula. Pili, aliyenisindikiza hospitali ni Mama Projest mwenyewe, kakaa ubavuni mwangu. Ningemwaibishaje? Mume wangu alipofariki, huyu alilala kwangu mwezi mzima, akanilisha kwa mkono wake.

Kwa hiyo nimelimaliza kimya kimya. Tangu Jumamosi sijauonja. Mtu haendi kwa daktari na nguo chafu, nataka tarehe 18 damu iwe imetakata. Tangu jana natapika na miguu haina nguvu. Nadhani ndio uchafu unatoka.

Usimwambie mtu, na yeye hasa.

Shangazi yako,
Costansia

Mwanza
14 Juni 2024

Shikamoo Shangazi,

Leo sina salamu ndefu. Naomba Mungu barua hii uisomee kwenye kitanda cha hospitali.

Kosa ni langu. Nilikuuliza swali nikasahau kukuonya. Unga huo bila shaka umechanganywa na dawa ya jamii ya kotisoli; ndiyo iliyotuliza magoti yako na kuzilaza tezi, na tezi zilizolala haziamki kwa siku moja. Ukikata ghafla ulichokuwa unakula, mwili unabaki mtupu, na mtu huanguka. Kule kutapika si uchafu kutoka.

Simu niliyoweza kupiga ilikuwa moja tu. Nimempigia Mama Projest, nimemwambia yote, unga na siri yako pamoja. Kabla hajajibu, simu ikakatika. Nikipiga tena haipatikani. Sijui kama alikuja kwako. Nisamehe.

Mwanao,
Vero

Mabira
2 Julai 2024

Marahaba mwanangu Vero,

Nakula, natembea, nagomba, kwa hiyo ni mzima. Pole kwa kukuweka roho juu siku zote hizi.

Alikuja. Alinikuta chini, mlangoni kwa jiko, ndizi zinaungua. Alinipakia kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye nyuma, akanifunga kwa kitenge nisidondoke. Mbele ya daktari hakungoja kuulizwa. Alitoa kikaratasi akasema, "Anakula hiki. Mimi ndiye ninayemuuzia." Walinitundikia dripu, na sasa nina vidonge watakavyovipunguza kidogo kidogo, huku wakinipima asubuhi mpaka tezi ziamke. Nimekatazwa kuruka hata siku moja.

Tuliporudi, hakukanyaga kwangu wiki mbili. Nilimpelekea ndizi, akajifungia ndani. Nililia, Vero. Nilijua nimempoteza.

Jana alikuja asubuhi, hata kuketi akakataa. "Wifi, na mimi naula ule unga, tena kabla yako. Nimeogopa kuacha, nimeogopa kuendelea." Nikavaa viatu tukaenda. Naye wamempima, na vidonge amepewa.

Njiani alihesabu wengine aliowauzia. Wapo kumi na mmoja, kutoka hapa mpaka Nyabiyonza. Anajua wakisikia tu kwamba unga ni mbaya, watautupa siku hiyohiyo kama mimi. Basi tuandikie upesi maneno mepesi ya kuwaambia: wasiache ghafla, waende hospitali na kikaratasi mkononi. Tunaanza Alhamisi, nyumba kwa nyumba. Nilijitolea niseme mimi, yeye anyamaze. Amekataa.

Shangazi yako,
Costansia