Kadi ya Salamu ya Gita Moja

Mdogo wangu Filbati,

Najua askari wa gereza wataisoma barua hii kabla yako. Waisome tu. Hapa Kagerankanda mvua zimeanza, maharage yamechipua vizuri, ila hayana wa kuyapalilia zaidi yangu. Watu wananisalimu kwa mbali, "Mwakeye, mwalimu," kisha wanakaza mwendo. Tangu umuue yule mwimbaji, miaka mitatu sasa, hakuna aliyekaa kwenye mkeka wangu akamaliza kikombe cha chai. Naongea peke yangu mpaka kuku wananishangaa. Leo nataka kukuambia jambo ambalo nimelimeza kila nilipokuja kukuona.

Unakumbuka redio ya marehemu baba? Uliifunga kwa mpira wa baiskeli, na betri zikichoka ukazianika juu ya bati. Kikifika kipindi cha salamu, hakuna ruhusa ya kukohoa. Yule mwimbaji, Gita Moja, akiimba, ulifumba macho. Mtu wa kijijini Murungu, aliyekulia kwenye mihogo kama sisi, anasikika nchi nzima!

"Dada, huyu ananijua," uliniambia. "Ule wimbo wa yatima ameniimbia mimi."

"Hebu kapalilie huko, yatima wewe," nikakujibu, nikacheka.

Nisingecheka. Baba na mama walikufa ndani ya mwaka mmoja, nami nikarudi zangu chuo cha ualimu Kasulu, nikakuacha na nyumba tupu na ile redio. Mimi nilikuja likizo tu. Yeye alikuwepo kila siku.

Ukaanza kumtumia salamu. Kila wiki kadi moja, jina lake likiwa la kwanza kwenye orodha, ujumbe ule ule: "Ndugu yangu, nipo." Hakujibu hata mara moja. Likizo moja nikakukuta umekonda, shati linakuning'inia.

"Labda nimemkosea," ulisema.

Yalaa! Mtu hata hakujui, umkosee nini? Lakini sikukuambia hivyo, na mdomo wangu huu unaujua. Niliona huruma. Nikarudi chuoni, nikanunua kadi ya salamu sokoni Kasulu, nikaijaza kwa jina la Gita Moja: salamu zimfikie Filbati wa Kagerankanda, ujumbe, "Ndugu yangu, tutaonana." Mtangazaji anasoma tu, mwandiko nani atauona? Siku iliposomwa nilikuwa bwenini. Nilifurahi kama mjinga.

Uliniandikia kurasa nne. Ukaanza kula, ukaipaka nyumba chokaa, ukamnenepesha beberu wa kumchinjia mgeni. Nami nikanyamaza, nikasema moyoni, si amepona?

Kisha Gita Moja akaja Kasulu kupiga muziki. Ulimfuata mlangoni mwa ukumbi mchana kweupe, beberu umemshika kamba, ukamwambia, "Ndugu yangu, nimekuja kukuchukua twende nyumbani." Shahidi alisema mahakamani kwamba Gita Moja hakukutukana. Alisema tu, "Samahani, kijana, sikufahamu." Waliokuwepo wakaangua kicheko. Na kisu cha kumchinjia mgeni mbuzi ulikuwa nacho kiunoni.

Watu wanasema ulimwonea wivu. Wengine wanasema bangi, wengine umelogwa. Nimefikiria sana, maana jioni zangu ni ndefu na hazina mtu. Nadhani mtu asiye na wa kumwita jina hujitengenezea ndugu, na hamchagui jirani, kwa sababu jirani atamwambia akaoge. Anamchagua mtu wa mbali, mwenye sifa, asiyebisha. Anaishi naye kichwani miaka. Siku wanapokutana, yule mkubwa ni mtu tu, amechoka na safari, anataka maji ya kunywa, na huyu anaona amenyang'anywa ndugu aliyebaki. Chuki inaingia kwa mlango ule ule uliopitisha mapenzi. Sisemi haya kukutetea. Yule mtu hakukukosea chochote, na mama yake yuko Murungu hana mwana.

Kila nikija unaniuliza swali moja: "Dada, kwa nini alinikana, naye mwenyewe ndiye aliyenisalimia?" Nami nakupa sabuni, nakuambia umwombe Mungu, nakimbilia basi.

Hakukukana, Filbati. Hakuwahi kukusalimia. Niliandika mimi, dada yako, kwa sababu kukutumia kadi ya uongo kulikuwa rahisi kuliko kurudi nyumbani kukaa na wewe. Mahakamani nilikaa benchi la nyuma, nikasikia jaji akiuliza hizo salamu zilitoka wapi, nikainamisha kichwa. Niliogopa kufukuzwa kazi ya ualimu, ndio kwanza nimeianza. Niliogopa na wewe, utakavyoniangalia.

Sasa nimekunyang'anya hata huyo ndugu wa redioni. Nikiwaza utakavyokaa na habari hii humo ndani, bila mtu wa kumwambia, nalia mpaka kifua kinauma. Lakini ni yako, uliidai siku nyingi.

Siku ya kuwaona wafungwa nitakuja. Askari akikuita, una haki ya kukataa kutoka. Nitakaa pale nje mpaka wafunge geti, na mwezi mwingine nitakuja tena. Na siku ukinisamehe, kama ipo, usinisamehe kwa kunionea huruma. Nitukane kwanza. Unitukane kweli, macho kwa macho.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja.