Posa Iliyoangukia kwenye Viazi vya Mzee Sulle

Nambis,
Mbulu.
9 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Tluway,

Shikamoo uliyonitumia kwa simu nimeipokea, marahaba. Hujambo na joto la Mtwara? Huku baridi imeshika. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini shambani anakwenda.

Sasa nikueleze ya Kelvin, maana wewe ndiye uliyemsifia kwamba mdogo wetu Judica akimkosa huyo atajuta. Alikuja kuleta posa, yeye na mama yake. Alikodi helikopta kutoka Katesh, safari ambayo mama yake angeimaliza kwa basi na ndizi mbili mkononi. Akashuka na miwani ya jua, akatupungia mkono wote kwa pamoja, wazee na watoto. Mzee Sulle mpaka leo anasubiri shikamoo yake.

Wazee walipoanza slufay ya kuwabariki wageni, bwana huyo akatazama saa. Unajua kwetu mgeni wa posa haondoki mpaka baraka iishe. Yeye alisimama katikati ya maneno ya wazee, akasema rubani ana ratiba. Mama yake aliona haya, akamfuata kichwa chini.

Helikopta ikapaa. Haijavuka hata miti ya uzio, injini ikapoteza nguvu, ikaanguka kwenye viazi vya Mzee Sulle na kulala ubavu. Wapo wanaosema ni laana ya wazee. Upuuzi mtupu. Injini haijui baraka wala laana, na wataalamu bado wanachunguza. Mimi sina neno na injini.

Neno langu ni na Kelvin, maana alitoka wa kwanza. Alimkanyaga mama yake begani, Tluway, mama aliyemzaa, akakimbia mpaka kwenye zizi letu akipiga kelele kwamba italipuka. Rubani, damu ikimtoka usoni, alibaki akihangaika kufungua mkanda wa yule mama. Aliyekimbilia kule ni Judica, huyo unayesema hana akili ya kuchagua mume. Aliingia nusu mwili, yeye na rubani wakamvuta yule mama mpaka akatoka.

Mama wa watu amevunjika mkono. Tulipomlaza majanini alimshika Judica kwa ule mzima, akamwambia, "Mwanangu, mimi ndiye mama yake. Usiolewe naye." Kelvin alikuwa hapo hapo anasikia. Alikuwa anafuta tope kwenye kiatu.

Jioni wazee waliimalizia ile slufay, wakambariki mama yule na rubani. Kelvin alikuwa ameshaondoka, safari hii kwa bodaboda.

Nasikia amekuomba umwombee kwetu. Usithubutu kunipigia kwa habari hiyo. Judica amekataa, nami nimefurahi, nasema wazi.

Wanakusalimu mama, Mzee Sulle na Judica. Anakusalimu pia mama yake Kelvin. Bado yuko kwetu, Judica anamnywesha uji, na kila gari likipita barabarani anainua kichwa. Mwanawe hajaja kumwona.

Mungu akulinde huko uliko, na akufungue macho.

Dada yako akupendaye hata unapowakosea watu,
Gaudensia