Hatua Mia Nne na Kumi

2 Juni

Mdogo wangu,

Nilipoteza chumba changu tarehe thelathini na moja Mei, saa nne asubuhi, kodi iliponishinda baada ya miaka kumi na moja. Hilo limetangulia salamu, maana ndilo zito. Hujambo? Sisi tunapumua. Mama anakusalimia. Kidonda cha mguu bado kibichi.

Wewe dalali uliniapia kwamba huku ulikonihamishia ni "dakika kumi tu mpaka kila kitu". Nimepima kwa miguu yangu. Duka la kwanza lenye mkate, dakika ishirini na sita. Kituo cha basi, thelathini na nane, pembeni mwa barabara isiyo na njia ya miguu wala kivuli, magari yakitupaka vumbi. Zahanati ya Mama, mabasi mawili, saa moja na dakika arobaini, na kidonda kinatakiwa kusafishwa mara tatu kwa wiki! Kule zahanati ilikuwa hatua mia nne na kumi za Mama na fimbo yake, na nusu ya njia kuna benchi la fundi viatu la kupumzikia. Wateja walikuwa wakiniona dirishani nikishona. Sasa nani atabeba kitambaa cha suruali mpaka huku?

Dakika kumi zako ulizipima kwa kitu gani?

Dada yako

9 Juni

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwenu. Mpe Mama pole.

Nilipima kwa pikipiki, alfajiri, barabara tupu. Madalali wote tunapima hivyo, nawe hukuuliza. Kodi aliyepandisha ni mwenye nyumba. Huko una chumba kikubwa mara mbili na hewa safi, na barabara ya lami inakuja. Mvumilivu hula mbivu, dada yangu.

Mdogo wako

23 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo. Mimi sijambo kwa jina tu. Wiki hizi mbili Mama amekosa zahanati mara nne kati ya sita, na kidonda kimeanza kunuka. Nilimsomea habari ya barabara yako ya lami. Akasema, "Mwambie iharakishe, isije ikanikuta nimekwisha kupita."

Alhamisi nilipeleka suruali mtaani kwetu kwa zamani. Kwenye nguzo ya umeme nikakuta tangazo lenye namba yako ya simu: "Mtaa wa kutembea! Zahanati hatua 410. Soko hatua 620. Kituo cha basi hatua 275." Hesabu hizo ni zangu! Nilikuandikia Januari umtafutie Mama chumba karibu na changu, nikatia na karatasi ya hatua zake mpaka kila mahali. Siku mbili nilitembea nyuma yake nikihesabu kwa sauti, mpaka fundi viatu akanicheka: "Sindano, unahesabu nini, unauza mtaa?"

Kumbe kweli uliuzwa, nami ndiye niliyeupima.

Karatasi yangu ilifikaje nguzoni?

Dada yako

30 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama ana nafuu.

Sitakuficha. Nilimwonyesha mwenye nyumba karatasi yako ili nimbembeleze ampe Mama chumba cha jirani. Akaisoma mara mbili, akasema, "Kumbe nimekaa juu ya mali, sijui!" Wiki hiyohiyo akapandisha kodi. Mimi ningefanyaje? Alipotaka wapangaji wapya nikamletea. Kazi ni kazi. Kuna watu wanazunguka mji mzima wakitafuta mahali ambapo mtu anaweza kuishi bila gari.

Yaliyopita si ndwele. Barua zako niachie kwa fundi viatu, siku hizi niko maeneo hayo.

Mdogo wako

7 Julai

Mdogo wangu,

Salamu za leo ni za Mama peke yake. Mimi sina.

Nilimwomba fundi viatu apokee barua zangu, akaniuliza kwa nini nisiende nikakupe mwenyewe. "Si yuko chumbani kwako? Meza yake iko palepale ilipokuwa cherehani." Akaniambia na la pili, ambalo ulijisifia mbele yake: mwenye nyumba amekuachia chumba kwa kodi ileile niliyokuwa nalipa mimi, ahsante ya karatasi. Watu wanatafuta mahali pa kuishi bila gari, umesema. Wewe una pikipiki. Ukitaka hewa safi, huku ni dakika kumi.

Kodi hiyo naiweza, nimeilipa miaka kumi na moja bila kuchelewa hata siku moja. Mganga wa zahanati amesema wiki mbili nyingine za kukosa kusafishwa, mguu utakatwa. Jana Mama aliniuliza kama unajua. Nimemjibu kwamba sasa unajua.

Jumamosi tarehe kumi na mbili, saa sita mchana, nitakuwa kwenye benchi la fundi viatu pamoja na Mama na cherehani. Kutoka hapo mpaka mlangoni ni hatua mia mbili na tano. Atazitembea mwenyewe. Usiniandikie shikamoo wala methali. Funguo unarudisha, au hurudishi? Neno moja, kwa fundi viatu, kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Dada yako