Kamba Iliyokaushwa Jikoni

Kerubo mjukuu wangu,

Huku Ikonge sote tu wazima. Nyanya yako yuko shambani anachuma chai. Uliposema umeingia zimamoto nilisimama nikapiga makofi peke yangu!

Umeuliza kamba ya kuinulia ngazi hukaguliwaje. Nikiwa zimamoto Kisii, mvua ya kila alasiri ilitushinda, tukakausha kamba ya katani juu ya moto wa jikoni, kama mahindi ya mbegu. Ikapendeza. Mkubwa wetu akazitenganisha nyuzi kwa vidole, ndani ukamwagika unga. Akafunga nyingine, iliyokauka kivulini.

Jioni hiyo duka la nguo likawaka. Nikavuta kamba, ngazi ikafika dirishani, msichana akateremka.

Ndiye huyo anayechuma chai. Kwa hiyo kagua ndani, mama.

Babu yako