Mwisho wa Filamu ya Joka

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila kidole kimeungua kidogo kwa pasi ya kulehemu. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na mgongo wa mama haumsumbui tena.

Barua yako nimeipata. Umesema unakuja Jumamosi kunirudisha kwa mume wangu, na kwamba nifunge kibanda, kwani ufundi wa televisheni si kazi ya mke wa mtu. Nimekusikia. Kabla hujafunga safari, nikukumbushe filamu moja.

Ni ile ya joka, uliyonipeleka kuitazama tukiwa wadogo. Binti mfalme alikimbilia pangoni akaishi na joka lililochanika bawa. Mwishoni baba yake akaja na jeshi, akamwambia arudi, amesamehewa. Ukumbi mzima tulisubiri vita. Yeye akasema harudi, akaendelea kushona lile bawa, taa zikawashwa. Tulizomea! Ulinung'unika hadi nyumbani kwamba tumeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Basi, televisheni nikishaitengeneza huiacha iwake kutwa, nione kama itazima ikipata joto. Diski zangu nzuri zote zimeazimwa zikapotelea huko. Imebaki hiyo ya joka, maana hakuna aliyeitaka. Nimeitazama mpaka nimeizoea. Joka lenyewe ni turubai tupu, macho yake taa za gari. Jirani yangu mshonaji husema yule binti hajui hata kushika sindano, lakini ukifika mwisho huacha cherehani yake akaja kutazama. Na mwisho ule, kaka, ndio filamu yenyewe. Binti alikuwa na kazi mkononi. Vita vya nini?

Sasa nikwambie nisichomwambia mtu. Jana shemeji yako alikuja hapa kibandani. Akasema amenisamehe kwa kuondoka, nirudi, ila vifaa vyangu nivigawe. Anisamehe kwa lipi? Nilimwambia sirudi, nikaendelea kulehemu. Alisimama akisubiri ugomvi, hakuupata, akaenda zake.

Kwa hiyo kama unakuja kunichukua, kaka, usijichoshe. Kama unakuja kunitembelea, karibu sana, stuli yako ipo na filamu ipo. Ukitaka kuzomea, zomea, ila safari hii utazomea peke yako.

Wasalimie wifi na watoto. Mwambie mama akupe ile redio yake iliyonyamaza, uje nayo. Nitaitengeneza mimi.

Mdogo wako,
Fundi