Chai ya Usoni

Jumatatu, 1 Juni 1992
Nimeosha uso kwa chai, siku ya nne. Majani vijiko vitatu, maji kikombe kimoja, chemsha mpaka iwe nyeusi, acha ipoe. Madoa matatu ya shavu la kushoto bado yapo. Niliyapata kwa krimu ya chunusi, kwa upumbavu wangu mwenyewe. Kaka Deo, anayefanya kazi kiwanda cha chai, aliniambia majani ya chai yana kitu kinachozuia ngozi kutengeneza weusi. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nikaamini.

Jumanne, 2 Juni
Ofisini kwa walimu kikombe changu kimetengwa. Wameyaona madoa. Siku hizi hapa Kishanda, kwa huu ukimwi, ukikohoa mara mbili, watu wanaulizana nani atarithi kibanja chako cha migomba. Nimekasirika sana. Ukweli, naogopa pia.

Alhamisi, 4 Juni
Madoa hayajapungua. Shavu lote limekuwa la kahawia.
Jumamosi naenda Kanazi kujitambulisha kwa kina Adelina, ninayetaka kumwoa. Amelelewa na shangazi yake, Ma Koku, na neno la mwisho ni lake. Wachumba wawili walishafika pale, wakaondoka na hawakurudi. Watu wanasema huyo mama anakutazama ngozi kama mnunuzi wa ng'ombe. Nampenda Adelina. Nikikataliwa sijui nitafanyaje.

Ijumaa, 5 Juni
Deo kapita. Kacheka mpaka machozi. Kumbe alisema majani mabichi! Ya pakiti yameshachachushwa kiwandani, yanatia rangi tu, kama yanavyotia kikombe. Na hayo mabichi yanataka miezi.
Miezi sina. Nimefikiri kisayansi: uso wote ukiwa wa kahawia, nani ataona doa? Nimepaka mara tano, mpaka masikioni.

Jumamosi, 6 Juni
Aibu.
Tulifika salama mimi na Deo. Tukatafuna buni za kahawa za kukaribishia wageni, nikasifiwa kwa adabu. Zikaja ndizi na maharage, zikafunuliwa mbele yangu, mvuke wote usoni. Jasho. Tone la kahawia kwenye kola nyeupe. La pili. Ma Koku akainuka, akanifuta shavu kwa pindo la khanga yake, akainusa.
"Hii ni nini?"
"Ni chai, mama waitu."
Deo akajifanya anatafuta chumvi. Nikaeleza yote: krimu, pakiti, kikombe kilichotengwa. Walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Ma Koku hakucheka. Aliwasubiri wamalize.
"Mwalimu, wanangu wawili niliwazika na ngozi nzuri kuliko yako. Mimi sitazami uso. Nendeni mkapime damu, wewe na Adelina. Wale wawili niliwaambia hivyo hivyo, wakakimbia."
Nikasema tutakwenda. 

Jumatano, 10 Juni
Hospitali, Bukoba. Tumetolewa damu. Adelina kauliza kama yangu imetoka na majani. Muuguzi hakuelewa. Majibu wiki mbili.

Jumapili, 21 Juni
Sili vizuri. Nimepungua, na kupungua kunaniogopesha, kwa hiyo sili. Uso umerudi rangi yake, madoa na yote. Simjali mtu.

Jumatano, 24 Juni
Hatuna virusi. Wote wawili.
Ma Koku alikuja bila kualikwa, akatusubiri nje ya hospitali na kikapu. Adelina akamwambia. Akaketi kwenye nyasi, akavua ndala, akalia taratibu. Adelina akaketi naye. Mimi nikashika kikapu mpaka walipokuwa tayari kuondoka.